Amri ya Alama ya Biashara Dhidi ya Mwingizaji wa Matrekta Uganda: Mahakama, Forodha au Mapatano?

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya wakala wa mitambo ya kilimo aliyeko Uganda, pamoja na wakili wake, ambaye amegundua kwamba mtu mwingine anaingiza nchini matrekta yenye jina lile lile analoliuza yeye, na sasa anatakiwa kuamua apige hodi mlango upi kwanza. Milango mikubwa ni mitatu: Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, idara ya forodha ya Mamlaka ya Mapato Uganda (URA), na meza ya mapatano. Polisi na Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) wana nafasi yao pia, lakini ni nafasi finyu.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima bidhaa yenyewe ieleweke. Trekta la uingizaji sambamba si trekta bandia. Limetengenezwa na kampuni halisi na nembo yake ni halali, ila lilikusudiwa soko la nchi nyingine, mara nyingi Japani au Ulaya. Likatumika huko kwa miaka, likanunuliwa mnadani, kisha likaletwa kwa kontena kupitia Mombasa bila idhini ya mwenye alama. Tofauti hiyo kati ya bandia na halisi ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata, na anayeipuuza atalipa ada za wakili bila kulizuia hata trekta moja.

Tuchukue trekta dogo lililotengenezwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya Japani. Kando ya kila mkono wa gia kuna kibandiko cha maandishi ya Kijapani: huu ni wa kuwasha shafti ya PTO (inayozungusha mashine iliyofungwa nyuma ya trekta), ule ni wa kuinua mikono ya haidroli nyuma, na kile kikanyagio cha chini ni cha kufunga difu. Dereva wa mpunga kule Doho, wilayani Butaleja, hawezi kusoma hata kimoja, kwa hiyo hujifunza kwa kujaribu. Kama kifuniko cha shafti hakipo, na fremu ya kumlinda dereva trekta linapopinduka haikufungwa kwa sababu halikutengenezwa nayo, kujaribu huko kunaweza kumgharimu mkono au maisha. Bolti za ekseli ya mbele zikikatika, atakwenda dukani kwa wakala rasmi kwa kuwa jina lililo kwenye boneti ndilo lililo kwenye bango la duka, naye wakala atamwambia kwamba spea ya modeli hiyo hana. Mkulima ataondoka akiwa na hasira na jina, wala si na mwingizaji. Hilo ndilo jeraha ambalo amri ya mahakama inapaswa kulitibu, na kesi inayosahau jeraha hilo ikabaki kulalamikia ushindani wa bei huwa dhaifu tangu mwanzo.

Yaliyoamuliwa Marekani, na yanayotufaa

Kesi zinazotajwa zaidi katika jambo hili ni za Marekani. Mwaka 1997 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo, ikitumia Kifungu cha 337 cha Sheria ya Ushuru ya 1930, ilizuia kuingizwa kwa matrekta ya Kubota yaliyotumika, yenye nguvu ya chini ya farasi 50, yaliyotengenezwa kwa soko la Japani; na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Mkondo wa Shirikisho iliuthibitisha uamuzi huo katika shauri la Gamut, kampuni iliyokuwa ikiyaingiza matrekta hayo. Hoja iliyobeba kesi ilikuwa kwamba matrekta yale yalitofautiana kwa mambo ya msingi na yale yaliyouzwa rasmi Marekani: uimara wa sehemu zake, mwendo wa shafti ya PTO, upana kati ya magurudumu, na kukosekana kwa maonyo ya Kiingereza. Kutokuwa na idhini peke yake hakukutosha.

Kesi ya Deere, kampuni ya Marekani ya mitambo ya kilimo, inafundisha upande wa pili. Mwaka 2004 Tume ilizuia mashine za kuvuna malisho zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, lakini mwaka 2006 mahakama ile ile ya rufani ililirudisha shauri, kwa sababu kulikuwa na ushahidi kwamba mawakala rasmi wa Deere wenyewe waliwahi kuziuza mashine za Ulaya ndani ya Marekani. Mwenye alama anayedai kwamba bidhaa fulani si ya soko lake anatakiwa aonyeshe kwamba bidhaa zote anazoziidhinisha sokoni humo, au karibu zote, ni za aina nyingine. Kwa hiyo wakala wa Kampala asafishe kwanza bohari lake: kama tawi lake la Mbale au Gulu liliwahi kupokea matrekta ya Japani yaliyotumika na kuyauza chini ya bango la kampuni, mdaiwa ataleta risiti hizo mbele ya jaji.

Utekelezaji wa Marekani una meno mawili ambayo sisi hatuna mahali pamoja. Amri ya kuzuia uingizaji hupelekwa kwa forodha ya kila bandari, na amri ya kukoma kuuza, ikivunjwa, huleta faini inayoweza kufika dola 100,000 kwa siku au mara mbili ya thamani ya bidhaa, chochote kitakachokuwa kikubwa zaidi. Uganda haina tume ya namna hiyo. Meno hayo mawili yapo katika ofisi mbili tofauti, na kazi ya wakala ni kuyaunganisha.

Mahakama Kuu

Divisheni ya Biashara, iliyoanzishwa mwaka 1996, ndiyo mlango ninaoupendekeza kwanza kwa kesi nyingi. Sheria ya Alama za Biashara ya 2010 inampa mwenye alama iliyosajiliwa haki ya kushtaki, mradi usajili uwe hai katika daftari la URSB, ofisi ya serikali inayosajili alama; usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Wakala wengi si wenye alama bali wasambazaji tu, na hapo ndipo kesi nyingi huweza kukwama kabla hazijasikilizwa. Wakala ahakikishe kwamba ama mwenye alama anaungana naye katika kesi, ama yeye mwenyewe ameandikishwa kama mtumiaji wa alama. Barua ya uwakala yenye muhuri kutoka ng'ambo haitoshi.

Hoja za kisheria zipangwe kwa uangalifu, kwa kuwa sheria yetu haikukulia Marekani. Sheria iliyoitangulia ile ya 2010 ilifuata sheria ya Uingereza ya 1938, na hata ya sasa bado inaligawa daftari katika Sehemu A na Sehemu B kama ile ya zamani. Chini ya sheria hiyo ya Uingereza, mtu hakuhesabiwa kuwa amekiuka alama pale alipouza bidhaa ambayo mwenye alama mwenyewe aliibandika alama hiyo wala hakuiondoa baadaye. Ni kwa msingi huo Revlon ilishindwa mwaka 1980 ilipojaribu kuwazuia waliouza Uingereza shampuu yake iliyotoka Marekani. Mdaiwa mwenye wakili mzuri ataisoma kesi hiyo kwa sauti. Kwa sababu hiyo dai lisisimame kwa mguu mmoja wa ukiukaji wa alama. Liongezewe dai la kujipitisha, yaani kwamba mwingizaji anawafanya wakulima waamini kuwa bidhaa yake inatoka kwa mtandao rasmi, ina waranti na ina spea nchini. Mabango yake, matangazo yake ya redio na risiti zake ndio ushahidi. Kama amelipaka trekta rangi mpya, amebadilisha kibandiko cha modeli au amekwangua namba ya chesisi, hoja inakuwa nzito zaidi, maana bidhaa haiko tena katika hali aliyoiachia mwenye alama.

Zuio la muda ndilo linalotafutwa kwanza. Tangu uamuzi wa Kiyimba Kaggwa wa 1985, mwombaji anatakiwa aonyeshe kwamba ana kesi ya msingi yenye nafasi ya kushinda, kwamba atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na, jaji akiwa na shaka, kwamba upande wake ndio utakaoumia zaidi zuio likikataliwa. Kipengele cha pili ndicho kinachowaangusha wafanyabiashara. Mtu akisema tu kwamba amepoteza mauzo, jaji atamjibu kwamba mauzo yanahesabika kwa shilingi. Akileta hati ya kiapo ya fundi inayoeleza, kipengele kwa kipengele na kwa picha, kwamba trekta hili halina fremu ya ulinzi na maonyo yake hayasomeki, na kwamba jina lake linaharibika kila mkulima anapoumia, hapo hasara inaacha kuwa ya hesabu. Ajiandae pia kuahidi fidia endapo itabainika baadaye kwamba zuio halikustahili kutolewa.

Sasa utekelezaji wenyewe. Amri ya 41 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai inairuhusu mahakama, zuio likivunjwa, kukamata mali ya aliyelivunja na hata kumweka katika gereza la madai kwa muda usiozidi miezi 6. Ukamataji huo wa mali hauwezi kudumu zaidi ya mwaka 1. Ni adhabu nzito, na kwa sababu ni nzito, mahakama huitoa kwa tahadhari: ni lazima kuwe na amri halali, mdaiwa awe aliijua, na awe ameivunja. Nimesoma rasimu za amri zinazosema tu kwamba mdaiwa “asiingize bidhaa zinazokiuka alama ya mlalamikaji”, na kwa maoni yangu amri ya namna hiyo karibu haitekelezeki dhidi ya mwingizaji sambamba, kwani atajibu kwa unyofu kwamba bidhaa zake ni halisi na kwa hiyo haamini kuwa zinakiuka chochote. Amri itaje jina, modeli, soko lililokusudiwa, namba za chesisi zinazojulikana, na dalili ambazo mtu asiye fundi anaweza kuziona kwa macho: vibandiko vya Kijapani, kukosekana kwa fremu, kukosekana kwa bamba la mtengenezaji la soko letu. Iwataje wakurugenzi kwa majina na ifikishwe mikononi mwao, na aliyeifikisha aape hati siku hiyo hiyo. Kampuni inaweza kubadilishwa jina wakati kontena bado liko baharini. Namba ya chesisi na mkurugenzi aliyepokea amri havibadiliki kirahisi hivyo.

Dalali wa mahakama anafaa pale tu amri ya mwisho inapoagiza mali ikabidhiwe au gharama zilipwe. Kwa zuio la kutenda jambo, yeye hana cha kukamata.

Forodha

Wengi hutaka kuanza hapa, kwa sababu ni rahisi na haraka kuandika barua kuliko kufungua kesi. Ninawashauri wasianze hapa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaorodhesha bidhaa bandia za kila aina miongoni mwa zile zilizokatazwa kuingia, lakini trekta letu si bandia. Hata Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa kuhusu hakimiliki na alama katika biashara, ambao katika Ibara ya 51 unazitaka nchi ziwe na utaratibu wa mpakani dhidi ya alama za kughushi, unasema katika tanbihi yake kwamba hakuna wajibu wa kuutumia utaratibu huo kwa bidhaa zilizowekwa sokoni katika nchi nyingine na mwenye haki au kwa ridhaa yake. Kenya ina sheria maalumu ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, na Uganda bado haijapata ya kwake, ingawa hata ya Kenya imelenga bandia. Afisa wa forodha akikuuliza ni kifungu gani kinachomruhusu kulishikilia trekta halisi lililolipiwa kodi, anatimiza wajibu wake.

Mambo hubadilika unapofika pale ukiwa na amri ya mahakama mkononi. Kama mlango wa pili, forodha ina nguvu kuliko yote, kwa sababu mashine zote ziko bado katika kontena moja, hazijatawanyika Lira, Masindi na Kasese. Hapa kuna jambo la kiutendaji ambalo mawakili wa alama za biashara hulisahau. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Uganda huandikishwa kwa URA na kodi hulipwa ukiwa bado Mombasa. Anayeipeleka amri yake Malaba au Busia na kukaa kusubiri malori amechelewa. Amri ipelekwe makao makuu ya URA, Nakawa, ikiwa na maelezo yanayoweza kuingizwa katika Asycuda, mfumo wa kompyuta wa forodha: jina la mwingizaji na namba yake ya mlipakodi, nchi mzigo unakotoka, modeli, na namba ya ushuru, yaani ile inayoainisha aina ya bidhaa.

Namba ya ushuru nayo inataka umakini. Matrekta yako chini ya 87.01, na pawatila (trekta dogo linaloongozwa na mtu anayetembea nyuma yake) pia, ilhali mashine za kuvuna ziko 84.33. Amri inayotaja 87.01 peke yake itaziachia mashine za kuvuna zipite. Aidha, mwingizaji aliyekwisha kuzuiwa mara moja anaweza kulivunja trekta vipande na kuandika giaboksi na ekseli kama spea chini ya 87.08, na injini ya dizeli chini ya 84.08, kisha akaviunganisha gereji. Amri iliyoandikwa vizuri inataja pia mashine iliyofunguliwa vipande.

Udhaifu wa forodha ni mbili. Gharama za kuhifadhi mzigo huongezeka kila siku, na amri isipotaja nani atazilipa, mgogoro mpya unazaliwa juu ya ule wa kwanza. Zaidi ya hayo, mzigo usioondolewa unaweza kunadiwa na forodha, na trekta lililozuiwa kwa jasho likarudi sokoni kupitia mnada likiwa na nembo ile ile. Ombeni mapema kwamba lisinadiwe kabla ya nembo kuondolewa, au lirudishwe lilikotoka kwa gharama ya mwingizaji. Na msimu ufikiriwe kwa uzito: katika sehemu kubwa ya nchi mvua za kwanza huanza karibu na Machi, na matrekta 10 yaliyofungiwa bohari kuanzia Februari hadi Mei ni ekari nyingi ambazo hazikulimwa. Jaji ataliona hilo, na mwenye alama anayeonekana hajali atapoteza huruma anayoihitaji.

Mapatano yaliyosajiliwa

Kanuni za Usuluhishi za 2013 huwapeleka wadaawa kwa msuluhishi kabla ya kesi kusikilizwa, na wengi hukaa katika kikao hicho kama wanaosubiri kimalizike. Ni kupoteza nafasi nzuri. Mahakama inaweza kukataza, lakini ni vigumu kwake kumwagiza mwingizaji abandike maonyo ya Kiingereza na Kiluganda kwenye kila mkono wa gia, afunge fremu ya ulinzi, aandike kwenye risiti kwamba mashine haina waranti ya wakala rasmi, aondoe bango lenye nembo, na auze matrekta aliyonayo ndani ya muda uliowekwa bila kuagiza mengine. Mapatano yanaweza kuyabeba yote hayo. Yakisajiliwa kama hukumu ya maridhiano, hutekelezwa kama hukumu nyingine yoyote, na tangu uamuzi wa Hirani na Kassam wa 1952 haitenguliwi ila kwa sababu kama udanganyifu au njama.

Kasoro yake ni kwamba yanamfunga aliyetia sahihi peke yake. Binamu yake mwenye kontena lake hafungwi na chochote.

Polisi na UNBS

Jinai haifai kwa alama halisi kwenye bidhaa halisi, na kumfikisha mfanyabiashara kituoni kwa shutuma ya bidhaa bandia ambazo si bandia kunaweza kumrudia mlalamikaji kama dai la fidia. Inafaa pale tu namba ya chesisi ilipokwanguliwa au nyaraka zilipoghushiwa. UNBS, kwa utaratibu wake wa kukagua mizigo nchini ilikotoka ulioanza 2010, hutazama usalama na viwango bila kujali alama ni ya nani. Ripoti yake ni ushahidi mzuri wa kuambatisha kwenye hati ya kiapo.

Kipi kitangulie

Kwa mwingizaji mkubwa anayeleta makontena mfululizo na mwenye kampuni zaidi ya moja, ningeanza Mahakama Kuu kwa zuio lililotaja modeli na namba za chesisi, nikalipeleka Nakawa siku ile ile lilipotiwa muhuri, na kesi ya kudharau mahakama ningeiweka akiba kwa kontena la kwanza litakalojaribu kupita baada ya hapo. Kwa mfanyabiashara mwenye matrekta manne uani kwake, ningefungua kesi lakini macho yangu yangekuwa kwenye usuluhishi, kwa kuwa kesi ndefu dhidi yake ingegharimu zaidi ya thamani ya mashine zote, na fremu za ulinzi zikifungwa mwezi huu zitawafaa madereva kuliko hukumu itakayokuja baada ya miaka.

Kwa chama cha ushirika kilichojinunulia pawatila mbili kwa ajili ya mashamba ya wanachama wake, nisingefungua kesi kabisa. Alama hukiukwa katika biashara, na ushirika unaolima hauuzi mashine. Huko ningempeleka fundi akafunge vifuniko vya shafti na kubandika maonyo kwa malipo ya kawaida, na kabla hajaondoka aandike namba za chesisi na jina la aliyewauzia, kwa kuwa hati hiyo ndiyo itakayofungua kesi dhidi ya mwingizaji.